Sauti Ndani ya Sentimita Nane

Katikati ya miaka ya 1990, singo moja ya CD nchini Japani iliuzwa karibu yeni 1,000. Bei haikuwa na mjadala. Sheria ya Japani inaviweka vitabu, magazeti na rekodi za muziki kando na bidhaa nyingine: kampuni iliyotoa diski ndiyo inayopanga bei, na muuzaji wa Tokyo haruhusiwi kumpiku mwenzake wa Osaka kwa kuishusha. Katika hizo yeni 1,000, kama 60 zilikwenda kwa mtunzi wa muziki, mtunzi wa maneno na wachapishaji wao, zikikusanywa na JASRAC, chama cha hakimiliki kilichoanzishwa mwaka 1939. Mwimbaji alitengewa kwa kawaida asilimia 1 hadi 3. Hata hiyo mara nyingi ilipitia kwanza kwenye kampuni ya usimamizi, ambayo ilimlipa mshahara wa mwezi kama karani yeyote. Sauti iliyomtoa kijana nyumbani na kumpeleka dukani ilikuwa na thamani ya yeni 10, pengine 20 au 30, kwa kila diski.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu bila hiyo maisha ya Namie Amuro yatasomeka kama hadithi ya kawaida ya nyota: alipanda, akashuka, akapanda tena, akaondoka. Ninachokiona mimi ni kisa cha sauti iliyoajiriwa kuubeba wimbo ambao ni mali ya wengine, na cha mwanamke aliyetumia miaka 25 kujipatia mamlaka juu ya sauti hiyo. Wimbo na sauti hutoka pamoja kwenye spika, na msikilizaji huvipenda kwa pamoja. Kwenye mikataba ni mali mbili tofauti, na Japani imezitenganisha kwa ukali kuliko nchi nyingi.

Mfano mkali zaidi ulikuwepo kabla Amuro hajazaliwa. Desemba 1975 ilitoka singo ya watoto iitwayo "Oyoge! Taiyaki-kun", kuhusu andazi lenye umbo la samaki linalomtoroka mpishi na kuingia baharini. Iliuza zaidi ya nakala milioni 4.5, na katika kumbukumbu za Oricon, kampuni inayopanga chati za Japani tangu mwisho wa miaka ya 1960, hakuna singo iliyowahi kuipita. Mwimbaji wake, Masato Shimon, alikuwa amelipwa mara moja tu, yeni 50,000, na haki zake zikaishia hapo. Kila msanii wa Japani anakijua kisa hicho.

Amuro alizaliwa Naha, mji mkuu wa Okinawa, tarehe 20 Septemba 1977. Visiwa vya Okinawa vilikuwa vimerudishwa kwa Japani mwaka 1972 tu, baada ya miaka 27 ya kutawaliwa na jeshi la Marekani, na kambi za jeshi hilo hazikuondoka. Zipo hadi leo. Mtoto wa Okinawa alikua akisikia muziki wa Wamarekani kwa ukaribu ambao mtoto wa Tokyo hakuwa nao, na msanii aliyemteka Amuro alikuwa Janet Jackson: mwimbaji anayecheza na mchezaji anayeimba, kwa pumzi moja.

Mama yake alilea watoto watatu peke yake, na pesa haikuwepo. Mwaka 1983 Masayuki Makino alikuwa amefungua Naha chuo cha sanaa kiitwacho Okinawa Actors School. Amuro alimsindikiza rafiki yake kwenda kukitazama, naye Makino akamwona yeye. Ilipojulikana kwamba nyumbani hakuna karo, alipokewa bila malipo. Alikwenda darasani kwa miguu, mwendo mrefu, ili kuokoa nauli ya basi. Kutoka chuo hicho hicho walitoka baadaye wasichana wanne wa kundi la SPEED pamoja na wengine wengi, na kwa miaka kadhaa ilionekana kana kwamba Japani nzima inacheza kwa miguu ya watoto wa Okinawa.

Mwaka 1992, akiwa na miaka 14, alitua Tokyo na kundi la Super Monkey's, chini ya lebo ya Toshiba EMI. Singo zao za mwanzo hazikwenda mbali. Mlango ulifunguka Januari 1995 kwa "Try Me", wimbo uliotengenezwa awali Italia na kutiwa maneno ya Kijapani. Huo ulikuwa mtindo wa Eurobeat, muziki wa kasi wa disko ambao maprodyuza wa Italia waliendelea kuupika muda mrefu baada ya Ulaya kuuchoka, kwa sababu mteja wao mkubwa alikuwa Japani. Na kampuni iliyojenga utajiri kwa kuuleta muziki huo Japani iliitwa Avex.

Avex ilianza mwaka 1988 kama mwagizaji wa rekodi za disko. Mmoja wa waanzilishi wake, Masato Matsuura, alikuwa kijana wa kaunta katika duka la kukodisha rekodi. Maduka ya namna hiyo yalienea Japani kuanzia mwaka 1980: unakodi diski kwa usiku mmoja, unairekodi kwenye kaseti nyumbani, unairudisha kesho. Kampuni kubwa za muziki ziliyapiga vita mpaka sheria ikaingilia kati na kuyatoza malipo. Nadhani Matsuura alijifunza pale kaunta jambo ambalo wakurugenzi wa kampuni kubwa, waliokaa ghorofa za juu, hawakulijua: vijana wanaomba nini kwa majina, na wanarudisha nini bila hamu. Oktoba 1995 Amuro alihamia Avex, na wimbo wa kwanza akaandikiwa na Tetsuya Komuro.

Komuro, mzaliwa wa Tokyo wa mwaka 1958, alikuwa mpiga kinanda wa kundi la TM Network kabla ya kugeuka kiwanda cha mtu mmoja. Aliandika muziki, mara nyingi na maneno, akapanga ala, akasimamia kurekodi, akachagua waimbaji. Sauti za wanawake alizipandisha juu kabisa, mahali ambapo koo linaanza kukaza na msikilizaji anahisi hatari. Wapo waliomlaumu kwamba nyimbo zake zinafanana. Lawama hiyo ina ukweli, ila inapuuza jinsi alivyoelewa mahali zitakapotumika.

Ili tumwelewe yeye na Amuro, hatuna budi kuitazama singo yenyewe kama kitu cha kushikwa mkononi. Japani ilianza kuuza CD ndogo za kipenyo cha sentimita 8 mwaka 1988, zichukue nafasi ya santuri za zamani za nyimbo mbili. Jalada lake lilikuwa refu na jembamba, la karatasi na plastiki, umbo la kipande cha karatasi ambacho Wajapani huandikia mashairi mafupi. Ndani mlikuwa na wimbo mkuu, wimbo wa pili, kisha wimbo mkuu tena bila sauti ya mwimbaji. Hiyo rekodi ya tatu ndiyo inayonivutia. Kampuni ilikuwa inakuuzia wimbo pamoja na nafasi iliyoachwa wazi katikati yake, uijaze wewe.

Maana karaoke ilikuwa imeshakuwa maisha ya kila siku. Daisuke Inoue alitengeneza mashine yake Kobe mwaka 1971, hakuiandikisha hataza, na haikumtajirisha. Mwanzoni karaoke ilikuwa burudani ya wanaume wa ofisini kwenye baa. Katikati ya miaka ya 1980 vilizuka vyumba vidogo vya kukodi kwa saa, ambamo wanafunzi wa sekondari wangeweza kuingia na soda zao, bila pombe na bila kutazamwa na wageni. Mwaka 1992 mashine zikaanza kupokea nyimbo kupitia waya wa simu, na wimbo mpya ukawa unafika vyumbani ndani ya siku chache. Tangu hapo msichana wa miaka 16 alinunua singo Jumatano, akajifunza Alhamisi na Ijumaa, ili Jumamosi aiimbe mbele ya wenzake kabla mwingine hajaiwahi. Unaposhangaa jinsi nchi moja ilivyonunua singo kwa mamilioni wiki baada ya wiki, kumbuka kwamba wengi wa wanunuzi hao walikuwa wanafanya mazoezi.

Mguu wa pili wa mtambo huo wa kuuza singo, baada ya karaoke, ulikuwa televisheni. Mwaka 1991 tamthilia ya mapenzi ya Fuji TV, "Tokyo Love Story", iliyorushwa Jumatatu saa tatu usiku, ilimfanya Kazumasa Oda auze zaidi ya nakala milioni 2.5 za wimbo wake mkuu. Mwaka huo huo tamthilia nyingine ya saa ile ile iliwapa Chage and Aska mauzo makubwa zaidi kwa "Say Yes". Kampuni zote za muziki zilielewa somo. Tangu hapo, kabla wimbo haujaandikwa, ulikuwa tayari na mwenyeji: tamthilia fulani, au tangazo la kahawa, shampuu au vipodozi. Tangazo la kawaida la televisheni ya Japani ni la sekunde 15. Kwa hiyo prodyuza alihitaji sekunde 15 za kiitikio zinazoweza kusimama peke yake, zilizobaki zikaja baadaye. Komuro alikuwa fundi wa sekunde hizo kuliko mtu yeyote wa zama zake.

Ukitaka kuuona mtambo mzima katika wimbo mmoja, tazama ule wa kwanza aliomwandikia Amuro, "Body Feels Exit". Ulitumika kutangaza X-55, mashine ya karaoke ya nyumbani iliyotengenezwa na kampuni ya Taito. Mwimbaji anatangaza chombo ambacho wateja watakitumia kuimba wimbo wa tangazo lenyewe.

Desemba 1995 "Chase the Chance" ilimpa nafasi ya kwanza Oricon kwa mara yake ya kwanza, na mauzo yakapita milioni moja. Machi 1996 ikafuata "Don't Wanna Cry", ambayo naiona bora kuliko zote za kipindi hicho, kwa kuwa Komuro alipunguza mwendo na kumwachia Amuro nafasi ya kuegemea mdundo badala ya kuukimbiza. Katika chati ya Oricon ya tarehe 15 Aprili 1996, nafasi tano za juu zote zilikuwa nyimbo za Komuro: ya Amuro, ya mwimbaji Tomomi Kahala, na za makundi ya globe, TRF na dos. Mwanamuziki mmoja, wiki moja, kuanzia namba moja hadi tano. Mwisho wa mwaka "Don't Wanna Cry" ilishinda Tuzo Kuu ya Rekodi ya Japani, Amuro akiwa na miaka 19. Hakuna aliyekuwa ameishinda akiwa mdogo hivyo. Albamu yake "Sweet 19 Blues", iliyotoka Julai, iliuza zaidi ya nakala milioni 3.

Mitaani Shibuya, Tokyo, wasichana walipaka nywele rangi ya kahawia, wakanyoa nyusi hadi zikabaki uzi, wakavaa sketi fupi na viatu vya soli nene, na nchi nzima ikawaita "Amuraa". Hapa namtetea Amuro dhidi ya wanaosema kwamba alikuwa mwanasesere wa Komuro. Maneno ya nyimbo hayakuwa yake, muziki haukuwa wake, bei wala siku ya kutoa singo hakuipanga yeye. Ila wasichana wale hawakumwiga Komuro. Walichokitaka kilikuwa namna ya kusimama: msichana mwembamba mwenye ngozi iliyokolea jua la kusini, anayecheza kwa nguvu huku anaimba kweli, katika nchi ambako nyota wa kike walikuwa wamefundishwa kutabasamu na kuinamisha kichwa. Hilo hakuna mtunzi anayeweza kumwandikia mtu kwenye karatasi.

Kisha ikaja "Can You Celebrate?", tarehe 17 Februari 1997. Ilikuwa wimbo wa tamthilia ya Jumatatu saa tatu, "Virgin Road", kuhusu bibi harusi na safari yake ya kwenda madhabahuni. Kila kipande cha mtambo kilikuwa mahali pake, nayo ikauza nakala zaidi ya milioni 2.2. Hadi leo hakuna mwimbaji wa kike wa kujitegemea nchini Japani aliyeuza singo nyingi kuliko hiyo. Ikaingia kumbi za harusi na haikutoka tena. Ikampa Tuzo Kuu ya Rekodi kwa mwaka wa pili mfululizo.

Oktoba mwaka huo, mwezi mmoja baada ya kutimiza miaka 20, Amuro alitangaza kwamba ameolewa na SAM, mchezaji wa kundi la TRF, na kwamba ni mjamzito. Kwa msomaji wa leo habari hiyo inaweza kuonekana ndogo. Kwa tasnia iliyojengwa juu ya wasichana wasio na wapenzi wala mipango, ilikuwa tetemeko. Alichukua likizo mwaka mzima wa 1998 na kujifungua mtoto wa kiume. Usiku wa mwisho wa mwaka huo alirudi kwenye Kōhaku, tamasha la televisheni ya NHK ambalo Wajapani hukaa kulitazama wakiusubiri mwaka mpya, akaimba "Can You Celebrate?" kwa machozi.

Tarehe 17 Machi 1999 ilitoka singo yake "Respect the Power of Love". Siku hiyo hiyo mama yake aliuawa Okinawa. Sitaeleza zaidi ya hapo. Waandishi wa wakati ule walieleza kupita kiasi, na naamini ukimya aliouchagua baadaye, wa kutofanya mahojiano wala kuyaanika maisha ya nyumbani, ulianzia hapo. Alirudi kazini baada ya muda mfupi. Julai 2000 alisimama nyumbani kwao Okinawa mbele ya viongozi wa mataifa makubwa yanayounda G8, waliokuwa kwenye mkutano wao, na kuimba "Never End", wimbo ulioandikwa na Komuro kwa ajili ya mkutano huo.

Wakati huo ardhi chini ya miguu yao ilikuwa imeshahama. Desemba 1998 alitokea Hikaru Utada, mwenye miaka 15, akiimba nyimbo alizoziandika mwenyewe kwa mtindo wa R&B uliokomaa. Albamu yake "First Love" ya Machi 1999 iliuza zaidi ya nakala milioni 7. Ghafla sauti ya kuajiriwa ilionekana ya jana, na vinanda vya Komuro pia. Tasnia nzima ilikuwa imefika kileleni mwaka 1998, rekodi zilizotengenezwa zikiwa na thamani ya zaidi ya yeni bilioni 600, na tangu mwaka uliofuata ikaanza kuteremka. Simu za mkononi zikawa zinameza pesa za vijana. Kuanzia Desemba 2002 Wajapani walipakua vipande vya nyimbo halisi kama miito ya simu, sekunde chache za kiitikio, zile zile ambazo Komuro alikuwa ameshazikata kwa ajili ya matangazo.

Mwaka 2001 Amuro na Komuro waliachana kikazi. Singo ya kwanza ya Amuro bila Komuro, "Say the Word", ilitoka Agosti. Miaka iliyofuata watu wengi walimhesabu kama msanii aliyekwisha. Singo zilizokuwa zikiuzwa kwa mamilioni sasa ziliuzwa kwa makumi ya maelfu. Hicho ndicho kipindi ninachokipenda zaidi, kwa kuwa ndipo alipoanza kuchagua. Katika kipindi hicho alijiunga na wanamuziki wa hip-hop na R&B wa Tokyo, akiwemo Verbal wa kundi la m-flo, katika mradi ulioitwa Suite Chic, ambao jina lake halikutangulizwa mbele. Alipotoka huko alikuwa mtu mwingine. Sauti ilishuka kutoka kwenye ule ukingo wa juu na kukaa kifuani. Albamu "Style", "Queen of Hip-Pop" na "Play" zilifuatana, na ile ya mwisho, ya mwaka 2007, ikashika nafasi ya kwanza. Ukizisikiliza kwa mpangilio utasikia mwanamke anayerudi kwa Janet Jackson wake wa utotoni kwa njia ndefu.

Jukwaani aliacha kuzungumza. Onyesho la saa mbili lilijaa nyimbo na kucheza tu, bila zile hadithi fupi ambazo msanii wa Japani hutarajiwa kusimulia kati ya wimbo na wimbo. Mashabiki walizoea, kisha wakalipenda jambo hilo.

Machi 2008 singo "60s 70s 80s" ilimrudisha namba moja, miaka tisa tangu singo yake ya mwisho kufika hapo. Ilikuwa na nyimbo tatu, kila moja ikiwa imejengwa juu ya muziki wa muongo mmoja wa Marekani: The Supremes, Aretha Franklin na Irene Cara. Zilitumika kutangaza bidhaa za nywele za Vidal Sassoon, kwa hiyo mtambo wa zamani ulikuwa bado unafanya kazi. Tofauti ni kwamba sasa tangazo lilimfuata yeye alipo. Mkusanyiko "Best Fiction" wa Julai mwaka huo ulipita nakala milioni moja na nusu, wakati ambapo albamu za milioni zilikuwa zimeshaanza kuadimika Japani.

Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Komuro alikamatwa. Alikuwa amechukua yeni milioni 500 kutoka kwa mwekezaji kama malipo ya awali ya hakimiliki za nyimbo 806 alizodai ni zake, ilhali alikuwa ameshazihamishia kwa wachapishaji. Mei 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, kilichoahirishwa kwa miaka mitano, baada ya Matsuura wa Avex kumsaidia kulipa deni. Mwenye kisu ndiye alaye nyama, na kwa miaka mingi tulidhani Komuro ndiye mwenye kisu. Kumbe hata mtunzi aliyeshika nafasi tano za chati kwa wiki moja aliweza kujikuta ameziachia nyimbo zake zote.

Singo ya CD yenyewe ilikuwa inageuka kitu kingine. Kundi la AKB48 liliuza diski zenye tiketi ya kumshika mkono msanii au kura ya kumchagua nani asimame mbele katika wimbo ujao, na kwa miaka kadhaa tangu 2011 kila singo yao kubwa ilivuka milioni. Shabiki mmoja alinunua kumi, ishirini, mia. Sina dharau kwa vijana waliosimama foleni wapate sekunde chache za kushikwa mkono. Upweke ni jambo la kweli na walilipia dawa yake. Lakini chati ya Oricon, iliyokuwa ikionyesha Wajapani wanaimba nini, ikawa inaonyesha nani ana mashabiki walio tayari kununua diski ile ile mara nyingi. Amuro hakuuza mikono.

Alichofanya kilikuwa kigumu zaidi. Mapema mwaka 2015 aliihama kampuni iliyomsimamia tangu utotoni. Japani hilo si jambo dogo. Mwigizaji Rena Nounen alipojitenga na kampuni yake, mwaka 2016 ilibidi aanze kutumia jina jipya, Non. Wanachama watatu wa kundi la SMAP walipoondoka kwa msimamizi wao mwaka 2017 walitoweka kwenye televisheni, hadi Tume ya Ushindani wa Haki ilipoitahadharisha kampuni hiyo mwaka 2019. Amuro aliondoka na jina lake, akaendelea ndani ya Avex chini ya lebo ya Dimension Point.

Tarehe 20 Septemba 2017, siku aliyotimiza miaka 40, alitangaza kwamba ataacha muziki tarehe 16 Septemba mwaka unaofuata. Novemba ikatoka "Finally", CD tatu zenye nyimbo 52, kuanzia enzi za Super Monkey's. Mkusanyiko wa kuaga ungeweza kutengenezwa kwa kunakili rekodi za zamani na kuzifunga pamoja. Amuro alirudi studio akaziimba upya nyingi kati ya zile za miaka ya 1990. Sikiliza "Don't Wanna Cry" ya 1996, halafu hii. Ya kwanza ni ya mtoto hodari anayetimiza maagizo. Ya pili inaimbwa na mtu anayejua kila sentensi inaelekea wapi, na haharakishi kufika. Maneno na muziki ni vya watunzi wale wale. Sauti ndiyo mpya, na imerekodiwa kwa uamuzi wake. "Finally" iliuza zaidi ya nakala milioni 2, nayo ikamfanya msanii wa kwanza Japani kuwa na albamu ya milioni kabla ya kutimiza ishirini, kisha katika miaka yake ya ishirini, ya thelathini na ya arobaini. Usiku wa tarehe 15 Septemba 2018 aliimba kwa mara ya mwisho Ginowan, Okinawa. Hajarudi jukwaani. Desemba mwaka huo Oricon ilianza kuchapisha chati inayojumlisha CD, upakuaji na usikilizaji wa mtandaoni.

Mwanzoni mwa Novemba 2023 mashabiki waliamka na kukuta nyimbo zake zimeondolewa kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni, na video zake kwenye YouTube pia. Kwa wasanii wengi hilo lingekuwa kama kufutwa. Kwake imekuwa vingine, kwa sababu ya mambo mawili ambayo tasnia ya Japani iliyaacha nyuma. La kwanza ni CD zenyewe, mamilioni kwa mamilioni, ambazo zimejaa maduka ya mitumba ya Tokyo hadi Naha, nyingine kwa bei ya chini kuliko chakula cha mchana. La pili ni karaoke. Muziki unaosikika kwenye vyumba vile haukutoka studio ya Avex. Kampuni za karaoke hutengeneza upya ala zote kwa mashine zao, na zinachohitaji ni ruhusa ya utunzi kupitia JASRAC. Rekodi ya mwimbaji haihusiki. Kwa hiyo ukichagua "Can You Celebrate?" leo katika chumba chochote cha Shibuya, itaanza mara moja, malipo yatakwenda kwa wenye hakimiliki ya utunzi, na pale katikati patakuwa wazi pakikusubiri, kama palivyokuwa kwenye rekodi ya tatu ya ile diski ya sentimita 8. Ukimtaka Amuro mwenyewe aimbe, itakubidi ukatafute CD.